Kutoka Gati la Katakolo hadi Miguuni pa Zeus

Meli ya kitalii ikishafunga kamba kwenye gati la Katakolo, wageni huwazidi wenyeji kwa mbali. Ni kijiji kidogo cha pwani ya magharibi ya Peloponnese, kwenye Bahari ya Ionia: mtaa mmoja wa maduka na mikahawa, boti za wavuvi, kituo cha treni kisicho na pilikapilika. Meli haziji kwa ajili ya Katakolo. Zinakuja kwa sababu kiasi cha kilomita 35 ndani ya bara, mahali mito miwili inapokutana, ipo Olympia, ambako Wagiriki wa kale walikusanyika kila baada ya miaka minne, kwa zaidi ya miaka elfu moja, kumwabudu Zeus na kushindana mbele yake.

Ziara za nusu siku zina sifa mbaya, na mara nyingi zinastahili sifa hiyo. Abiria anabandikwa namba kifuani, anapewa kifaa cha kusikilizia, anapandishwa basi asubuhi na mapema, anamfuata mtu aliyeinua kibao juu, na kabla ya chakula cha mchana amesharudi melini na picha nyingi asizojua ni za nini. Olympia naitenga na lawama hiyo. Kwangu ndiyo ziara bora ya nusu siku katika bandari za Ugiriki, wala si kwa wingi wa nguzo zilizosimama, maana zilizosimama ni chache. Ubora wake ni kwamba kilichofukuliwa hapa kimebaki hapa. Unatoka kwenye magofu, na baada ya dakika chache unaingia katika makumbusho ambamo vichwa, mikono na farasi waliopamba paa la hekalu ulilotoka kulitazama wako mbele ya macho yako. Athens yenyewe haina bahati kama hiyo: karibu nusu ya sanamu zilizosalia za Parthenon ziko London. Ya Olympia yalipangwa na watu, na nitayaeleza yalivyopangwa.

Basi huchukua kama dakika 40, likipita pembeni mwa mji wa Pyrgos, kati ya mizeituni, mizabibu na michungwa. Muda huo usiulalie. Waongoza watalii wa Ugiriki husomea kazi yao na hupewa leseni na serikali. Wengi wanaijua historia ya nchi yao kwa kina, na ndani ya basi ndipo wanapopata nafasi ya kuzungumza bila kukatizwa na makundi mengine. Ukitaka kuuliza, uliza hapo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Olympia haikuwa mji. Ilikuwa patakatifu, msitu wa ibada ulioitwa Altis chini ya kilima cha Kronos, ukisimamiwa na watu wa Elis. Nje ya msimu wa sherehe walibaki makuhani na watunzaji. Kiangazi cha mwaka wa michezo kikifika, maelfu ya watu walimiminika kwa miguu, kwa punda na kwa mashua, wakapiga mahema kando ya mito ya Alpheios na Kladeos, kwenye joto kali, na kwa karne nyingi bila maji ya kutosha. Chemchemi ya fahari yenye maji ya mfereji ilijengwa na tajiri Herodes Atticus katikati ya karne ya 2 BK, wakati michezo ilikuwa imeshadumu, kwa hesabu ya kimapokeo inayoanza 776 KK, miaka zaidi ya 900. Mshindi wa kwanza anayetajwa katika hesabu hiyo ni Koroibos wa Elis, mpishi, aliyeshinda mbio za uwanja mmoja.

Mito hiyo miwili ndiyo iliyoificha Olympia. Mfalme Theodosius wa Kwanza alipopiga marufuku ibada za miungu ya kale mwishoni mwa karne ya 4 BK, michezo ilififia. Matetemeko ya ardhi ya karne ya 6 yaliangusha kilichokuwa kimesimama, kisha mafuriko yakalaza tope juu yake mwaka baada ya mwaka hadi kina cha mita kadhaa. Mwingereza Richard Chandler alipolitambua eneo hili 1766, vilionekana vipande vichache tu vya ukuta juu ya ardhi. Tope lilikuwa mlinzi mwema. Lilizuia mawe yasichukuliwe kujengea nyumba, na marumaru isichomwe kutengenezea chokaa, balaa lililozimaliza sanamu nyingi za Ugiriki.

Karibu makundi yote huanzia upande wa magharibi. Viwanja vya mazoezi huonekana haraka na havidai muda mrefu. Simama badala yake kwenye jengo lenye kuta za matofali linaloonekana kama kanisa, kwa sababu ni kanisa kweli, la karne ya 5 BK. Chini yake ni karakana ya Pheidias. Humu, katika miaka ya 430 KK, bingwa huyu wa Athens alitengeneza sanamu ya Zeus aliyeketi, kiasi cha mita 12 kwenda juu, ngozi yake ya pembe za ndovu na vazi lake la dhahabu, iliyohesabiwa baadaye miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Karakana ilijengwa kwa vipimo vya chumba cha hekalu ambamo sanamu ingewekwa, ili fundi aione kazi yake kama itakavyoonekana. Wachimbaji walikuta humo kalibu za udongo za kufinyangia mikunjo ya vazi, vipande vya pembe, zana, na kikombe cheusi kidogo chenye maandishi yaliyokwaruzwa chini yake: mimi ni wa Pheidias. Kikumbuke kikombe hicho. Utakiona kabla ya saa sita.

Sanamu yenyewe haipo. Ilihamishiwa Konstantinopoli na inadhaniwa iliungua huko katika karne ya 5. Lilipo hekalu lake, kazi ya msanifu Libon wa Elis iliyokamilika mnamo 456 KK, kuna jukwaa kubwa la mawe na nguzo zilizoanguka ubavuni, vipande vyake vikiwa vimelala kwa mpangilio kama muhogo uliokatwa. Nguzo zilikuwa 34, kila moja zaidi ya mita 10. Moja ilisimamishwa tena mwaka 2004, na inasaidia sana: bila hiyo jicho lisingeweza kukisia urefu wa paa. Sogea karibu na kipande chochote uliangalie jiwe. Limejaa makombe ya bahari, makubwa na madogo, yaliyogandamana tangu zama zisizokumbukwa. Wajenzi walilipaka lipu nyeupe ya chokaa ili lifanane na marumaru, na sehemu chache za lipu bado zimeshika. Mtu aliyewahi kupapasa kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mawe ya matumbawe chini ya chokaa, ataitambua akili hiyo ya ujenzi: kutumia jiwe la nyumbani, kisha kulivisha.

Njiani kuelekea uwanjani, mkono wa kushoto, imepangwa misingi 16 ya mawe ambayo makundi mengi huipita mbio kwa hamu ya kuuona uwanja. Mimi ningepunguza dakika popote pengine nizilete hapa. Juu ya misingi hiyo zilisimama sanamu za shaba za Zeus zilizonunuliwa kwa faini za wadanganyifu. Mwaka 388 KK mwanamasumbwi Eupolus wa Thessaly aliwahonga wapinzani watatu wampe ushindi. Wote wanne walitozwa faini, na fedha hizo zikatoa sanamu sita za kwanza. Majina na makosa yaliandikwa. Tena hazikuwekwa kichochoroni. Ziliwekwa hapa, kwenye njia ambayo kila mshindani angepita akielekea kushindana, ili jambo la mwisho analoliona kabla ya kuingia uwanjani liwe jina la mtu aliyejiaibisha yeye na mji wake.

Mwaka 2004, Athens ilipoandaa Olimpiki, mashindano ya kurusha tufe yaliletwa ndani ya uwanja huu wa kale. Mshindi wa wanawake, kutoka Urusi, alinyang'anywa medali siku chache baadaye kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Wa wanaume, kutoka Ukraine, alinyang'anywa ya kwake 2012, sampuli za zamani zilipopimwa upya. Wote wawili walishinda mita chache kutoka kwenye misingi hii. Msomaji wa Kenya, ambaye miaka ya karibuni amesoma habari nyingi za wanariadha wetu kufungiwa, atasimama hapa na uchungu wake. Naamini ni mahali pazuri pa kuwaleta vijana wanaoanza kukimbia.

Kisha njia ya chini ya tao la mawe, na uwanja. Wengi hushangaa: hakuna viti. Ni ukanda wa udongo wenye urefu wa mita 192.27 kutoka mstari hadi mstari, na kuta za nyasi pande zote, ambazo zilibeba watazamaji wanaokadiriwa kufikia 45,000. Waliketi chini au walisimama. Mstari wa kuanzia ni wa mawe, umechongwa mifereji miwili sambamba ya kushikia vidole vya miguu, na ulitosha wakimbiaji 20. Watalii hupanga mstari hapo, wazee kwa watoto, na kukimbia wakicheka. Kimbia nawe. Ukichuchumaa na kuweka vidole vyako kwenye mfereji, utagundua kuwa mguu wa nyuma unakaa karibu sana na wa mbele. Walianza wakiwa wamesimama, wameinama kidogo, mikono imenyooshwa mbele. Hilo mwili wako unalielewa kabla mwongozaji hajafungua kinywa.

Kwenye ukuta wa nyasi wa kaskazini, mkabala na jukwaa la waamuzi, ipo madhabahu nyeupe ya Demeter. Kuhani wake ndiye mwanamke pekee aliyeolewa aliyeruhusiwa kutazama michezo, akiwa ameketi hapo juu. Wake wengine walikatazwa kabisa. Wasichana walikuwa na mbio zao za kumtukuza Hera, katika uwanja huu huu uliopunguzwa kwa sehemu moja ya sita. Na mwanamke mmoja, Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alishinda mbio za magari ya farasi wanne mwaka 396 na 392 KK bila kukanyaga uwanjani, kwa kuwa taji lilikuwa la mwenye farasi, si la dereva. Alisimamisha kumbukumbu yake ndani ya Altis, na wachimbaji waliikuta sehemu ya msingi wake.

Ukirudi utapita hekalu la Hera, la mnamo 600 KK, ambalo nguzo zake hazifanani, moja nene na nyingine nyembamba. Mwanzoni zilikuwa za mbao. Kila moja ilipochakaa ilibadilishwa kwa jiwe, kwa mtindo wa zama hizo, hata Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliikuta moja ya mwaloni bado imesimama. Mbele yake ndipo moto wa Olimpiki unapowashwa kwa kioo cha mbonyeo kinachokusanya jua. Watu wengi hudhani ni desturi ya kale. Mbio za mwenge zilibuniwa kwa ajili ya michezo ya Berlin ya 1936. Hata hivyo moto uliotoka hapa ulifika kwetu. Tarehe 13 Aprili 2008, ukielekea Beijing, ulikimbizwa Dar es Salaam kutoka kituo cha reli cha TAZARA hadi Uwanja wa Taifa, na hakuna mji mwingine wa Afrika uliopitiwa katika safari hiyo.

Saa ya kukata shauri ni hii. Jua limeshapanda, maji ya chupa yamekwisha, na katika baadhi ya ziara mwongozaji husema kuna muda huru: anayetaka aende makumbusho, anayetaka aende madukani mjini. Nenda makumbusho.

Wafaransa ndio walioanza kuchimba hapa, mwaka 1829. Walifanya kazi wiki chache kwenye hekalu la Zeus, wakaondoka na vipande vya vibao vya marumaru vinavyoonyesha kazi 12 za Heracles. Viko Louvre hadi leo. Baada ya hapo mwanahistoria Ernst Curtius wa Berlin alipigania kwa miaka zaidi ya 20 uchimbaji mkubwa, na Aprili 1874 serikali za Ugiriki na Ujerumani zikatia saini mkataba. Ujerumani ingegharamia kazi yote. Vitu vyote vingekuwa mali ya Ugiriki na vingebaki Ugiriki. Wajerumani wangepata haki ya kutengeneza nakala za plasta na kuchapisha walichokigundua. Kwa zama zile, ambapo mataifa makubwa yalijaza majumba yao kwa mali za wengine, ulikuwa mkataba wa ajabu, na huko Ujerumani wapo waliouona ni hasara: kulipa kiasi hicho upate maarifa tu. Kazi ilianza 1875 ikaendelea hadi 1881. Makumbusho ya kwanza yalijengwa papo hapo katika miaka ya 1880, na haya ya sasa yalifunguliwa 1982.

Sikuweza kuusoma mkataba huo bila kuifikiria Lindi. Mwaka 1909, miaka 35 baada ya saini ya Athens, Wajerumani walianza kuchimba kilima cha Tendaguru, wakaendelea hadi 1913. Mamia ya wachimbaji na wapagazi wa huko, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, walifukua mifupa ya dinosaria na kuibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Berlin. Mifupa ya mnyama mmoja iliyounganishwa humo, yenye kimo cha mita 13.27, ilianza kuonyeshwa 1937, na mtoto wa Lindi anayetaka kuiona lazima apate viza. Dola iliyochimba ni ile ile, na elimu ni ile ile. Ugiriki ya 1874, ijapokuwa maskini, ilikuwa na serikali ya kukaa mezani na kukataa. Lindi ya 1909 ilikuwa koloni.

Ndiyo maana ukumbi mkubwa wa kati wa makumbusho ya Olympia unanigusa kuliko kumbi zingine za aina yake. Sanamu za pembetatu mbili za paa la hekalu la Zeus, mbele na nyuma, zimepangwa pande mbili zinazotazamana, kila upande zaidi ya mita 26, kwa kimo unachoweza kukifikia kwa macho bila kuinua shingo. Upande wa magharibi kuna vurugu ya harusi iliyoharibika, watu na viumbe nusu farasi wakivutana nywele, na katikati yake Apollo amenyoosha mkono wa kulia, uso umetulia. Kundi huvutiwa na huo. Mimi nakaa na wa mashariki.

Humo hakuna anayekimbia wala kupigana. Mfalme Oinomaos na kijana Pelops wamesimama huku na huku wa Zeus, kabla ya mbio za magari ya farasi. Kijana akishinda atamwoa binti wa mfalme. Akishindwa atauawa kama wachumba waliomtangulia. Kwa simulizi moja inayojulikana sana, Pelops alimhonga mwendesha gari wa mfalme, naye akatoa misumari ya magurudumu na kuweka ya nta. Fikiria hilo: juu ya mlango wa hekalu ambako wanariadha walifika chini ya macho ya Zeus, hadithi iliyochongwa ilikuwa ya mbio zenye harufu ya rushwa.

Kuelekea pembeni ameketi mzee, mtabiri. Kipara kimemwingia mbele, ndevu zimejikunja, nyama ya kifua na tumbo imelegea kwa mikunjo ambayo wachongaji wa Kigiriki wa zama hizo hawakuizoea, maana walipenda miili ya vijana. Mkono wa kulia ameuinua karibu na shavu, kiganja kimekunjwa nusu. Paji la uso lina makunyanzi. Wenzake wote wanangoja mbio zianze. Yeye peke yake ameshajua zitakavyoisha. Zunguka upande ukiruhusiwa, utaona mgongo wa baadhi ya sanamu hizi haukumaliziwa, kwa kuwa ulitazama ukuta na hakuna ambaye angeuona.

Vyumba vingine vina hazina zake. Hermes, anayehusishwa na Praxiteles, alifukuliwa Mei 1877 ndani ya hekalu la Hera, pale pale Pausanias alipoandika kuwa alimwona. Kuta za juu za hekalu hilo zilikuwa za matofali ya udongo mbichi; zilipoyeyuka zilimfunika, ndiyo maana marumaru yake bado inang'aa. Kuna Nike wa Paionios anayeshuka kutoka angani, nguo ikimgandama kwa upepo. Kuna kofia ya vita iliyotolewa sadaka na Miltiades, jemadari wa Marathon. Na kuna kile kikombe cheusi, katika kabati la kioo, ambacho watu hukipita kwa kuwa hakina urembo.

Vibao vya Heracles viko humu pia, ukumbi huo huo wa kati. Kizima kuliko vyote ni kile ambamo anabeba mbingu kwa mto mabegani huku Athena akimsaidia kwa mkono mmoja bila jasho, na Atlas akimletea matufaha. Vilivyo na sehemu zake Paris vinaonekana kwa mapengo na kwa nakala za plasta zilizowekwa mahali pa asili.

Kwa anayepanga safari: kabla ya kulipia ziara melini, uliza makumbusho yamepewa dakika ngapi, na kama hayamo, tafuta ziara nyingine au pandeni teksi wanne kwa pamoja mkishapatana bei ya kwenda, kungoja na kurudi. Treni ya Katakolo nayo ipo, ila hakikisha siku hiyo inatembea, kwa maana meli huwasubiri waliokwenda na ziara yake yenyewe na si wengine. Tikiti ya magofu hukuingiza makumbusho pia. Kiangazi chukua kofia na maji, vaa viatu vya kufunga, na mkiwa kundi dogo mwombeni mwongozaji muanze na makumbusho, mwende kwenye magofu baadaye. Makundi mengi hufanya kinyume, na saa ya kwanza baada ya kufunguliwa ukumbi wa kati huwa karibu mtupu.